Kuhuisha grafu ya floraidi kwa Gnuplot
MAJI ya chemchemi na visima vingi kandokando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, yana madini ya floraidi yatokayo katika miamba ya volkano. Yakizidi, huharibu rangi ya meno na kupinda mifupa. Anayefuatilia kisima kwa miezi kadhaa huhitaji grafu inayokua kila kipimo kipya kinapopatikana, si ya kuchorwa upya kila mara.

Gnuplot, programu ya kuchora grafu iliyoanza mwaka 1986 na ambayo hutolewa bure, ina amri ya kazi hiyo: “replot”. Programu nyingine huweza kuunganishwa nayo, ikaongeza kipimo katika faili ya takwimu, kisha ikatuma amri hiyo. Faili husomwa upya na grafu ileile hubadilika. Sharti ni kwamba muunganisho usikatwe, na kipimo kiwe kimekwisha kuandikwa diskini kabla ya amri kutumwa, la sivyo itaonekana grafu ya jana.

Hatari kubwa zaidi imo katika mhimili wa wima. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, kabla ya kushusha kiwango hicho hadi 1.5 mwaka 2018. Mhimili uliofungwa kwenye 4 hauonyeshi kipimo cha 6. Nukta huangukia nje ya grafu bila onyo lolote, na kisima kibaya kuliko vyote huonekana hakina kasoro. Ni heri upande wa juu uachwe wazi, kwa amri “set yrange [0:*]”, na mstari uchorwe kwenye 1.5.