Tuhame Merikebu? Maharamia, Waungwana na Wapagazi wa Kilosa

Makala haya yanahusu uamuzi mdogo ambao watu wanne walitakiwa kuufanya: je, tuhame kutoka gemu moja la maharamia kwenda jingine? Najua wapo wasomaji, na hasa wahadhiri, watakaosema jambo kama hili halistahili kurasa hizi. Lakini tangu mwaka wa kwanza tumefundishwa kwamba kazi ya fasihi haielei hewani, ni zao la jamii na historia yake. Sioni kwa nini kanuni hiyo iishie kwenye riwaya na tamthiliya. Gemu lina watunzi, lina wahusika na mandhari, na lina msimamo hata pale watunzi wake wanapodai hawana. Basi na tulihakiki.

Sisi wanne ni ndugu. Binamu zangu wawili wako Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, malori yanakopumzika baada ya kuvuka hifadhi. Mdogo wangu yuko Kilosa kwa bibi yetu. Mimi niko chuoni. Kwa muda mrefu tumekuwa tukikutana usiku katika Sea of Thieves, gemu la kampuni ya Kiingereza ya Rare lililotoka Machi 2018, ambalo huchezwa kwa intaneti tu. Tunacheza usiku kwa sababu bando la usiku ni nafuu. Umeme ukikatika Kilosa wakati mdogo wangu ndiye kashika usukani, yeye hutoweka na merikebu hupanda mwamba. Tumezoea.

Msomaji asiyelijua gemu hili aelewe jambo moja, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Merikebu kubwa ya Sea of Thieves huendeshwa na watu wanne. Anayeshika usukani haoni vizuri mbele kwa sababu matanga yanamziba, hivyo lazima mwingine amwelekeze. Mmoja anahangaika na kamba za matanga, mwingine yuko kwenye ramani. Mzinga wa adui ukitoboa ubao, mtu ateremke chini na kipande cha mbao azibe tundu, kisha achote maji kwa ndoo na kuyamwaga baharini. Wote ni watu halisi, na wote wanapiga kelele. Hazina ikiuzwa, kila mmoja anapata sawa na mwenzake. Zaidi ya hapo, aliyecheza miaka mitano hana mzinga wenye nguvu kuliko aliyeanza jana. Dhahabu yake itamnunulia zaidi nguo na mapambo. Niseme bila aibu kwamba mara nyingi ndoo nimekuwa nayo mimi.

Halafu tarehe 16 Februari 2024 likatoka Skull and Bones, la kampuni ya Ubisoft, lililotengenezwa Singapore na kutangazwa tangu 2017. Binamu yangu mkubwa ndiye aliyeleta hoja. Alisema: "Jamani, mpaka lini tutakuwa maharamia wa kwenye visiwa vya watu? Hili ni la Bahari ya Hindi. Kuna pwani ya Afrika humo!" Na kweli. Sea of Thieves ni bahari ya kubuni tu, lakini mitende yake, mifupa yake na kofia zake zimetoka katika Karibiani ya vitabu. Skull and Bones limewekwa mwishoni mwa karne ya 17, na ramani yake inaanzia visiwa vya upande wa Bukini, inagusa pwani ya Afrika, na kufika mpaka visiwa vya mashariki ya mbali.

Mimi niliunga mkono mara moja, tena kwa hoja za kisomi. Picha ya haramia tuliyo nayo vichwani, mguu mmoja, kasuku begani, ramani yenye alama, kwa sehemu kubwa ni ya Robert Louis Stevenson, aliyechapisha Treasure Island kama kitabu mwaka 1883. Wasomaji wa Kiswahili wakaipata wakati wa ukoloni wa Waingereza kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Vizazi vya wanafunzi wa nchi yenye pwani ndefu kama yetu wakajifunza uharamia kutoka kwa baharia wa Bristol. Lakini soma vizuri: hata kasuku wa Silver inasemwa amewahi kufika Bukini na Malabar. Stevenson alijua utajiri ulikuwa wapi. Henry Every aliteka merikebu ya Ganj-i-Sawai mwaka 1695, mali ya mfalme wa Wamoguli wa India, iliyokuwa ikirudi kutoka Bahari ya Shamu na mahujaji na wafanyabiashara ndani yake. William Kidd alipita visiwa vya Ngazija mwaka 1697 akiwa na hati ya mfalme wa Uingereza ya kuwakamata maharamia, akaishia kuwa haramia mwenyewe, na kunyongwa London mwaka 1701.

Na kabla yao? Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 akamlazimisha mtawala kulipa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na kundi la merikebu, akaipora Kilwa, kisha akaenda Mombasa akaipora na kuichoma moto. Katika vitabu vya shule hawa waliitwa wavumbuzi. Neno letu haramia lina mzizi mmoja na haramu. Kiswahili hakikuhitaji merikebu wala bendera ya fuvu ili kumtambua mwizi. Kwa hiyo nikasema, hatimaye gemu limekuja nyumbani, tuhame.

Tulilijaribu kwa saa nane za bure ambazo kampuni ilitoa. Linataka kompyuta yenye nguvu zaidi, kwa hiyo tulitumia ya binamu mkubwa, sisi wengine tukiangalia na kubishana. Hapo ndipo mambo yakaanza kuniingia polepole, kama maji kwenye merikebu.

Kwanza, chombo unachoanzia. Kinaitwa dhow, jina ambalo Wazungu wamelibandika karibu kila chombo cha Bahari ya Hindi, wakati pwani yetu ina jahazi, mashua, dau, ngalawa na mtepe wa kale ulioshonwa kwa kamba bila msumari. Lakini si jina lililonikera. Dhow katika gemu hili ndicho chombo cha chini kabisa. Unakipata ukiwa maskini, unavulia na kuwindia papa, halafu unakiacha ukishapata merikebu ya maana. Hadithi nzima ya maendeleo katika gemu inaanza kwa kuliacha tanga la nyumbani. Binamu alisema mimi natafuta makosa. Pengine.

Pili, kuna kundi la pwani ya Afrika ambalo wameliita Ungwana. Hapa nilifurahi sana, nikawapigia simu mpaka wenzangu wa bwenini. Neno letu, ndani ya gemu la mamilioni ya dola! Usiku uleule nikamsimulia bibi kwa simu ya mdogo wangu. Baada ya shikamoo na habari za masomo, nikamweleza kwamba kuna mchezo wa waungwana wa pwani wenye merikebu na mali. Akasikiliza. Kisha akauliza: "Hao waungwana wenu, mizigo wanabebewa na nani, mjukuu wangu?"

Nikamwambia hakuna mizigo bibi, ni mchezo. Akacheka, akamrudishia mdogo wangu simu. Lakini swali lile halikuniacha.

Bibi yangu anatoka bonde la Mkondoa. Kabla ya reli, bonde lile lilikuwa njia. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Usagara, na watu wa huko waliiona ikipita kwa vizazi: pembe za ndovu zikishuka, vitambaa, shanga na bunduki zikipanda. Burton na Speke walipita milima hiyo mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871, akateseka kwa mvua na matope kwenye mbuga ya Makata, kati ya Morogoro na Kilosa. Vitabu vyao vimejaa majina yao wenyewe. Waliobeba ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira na ufundi mkubwa, na pamoja nao watu wa pwani.

Na hao watu wa pwani, huko bara, walijiita nani? Waungwana! Hapa ndipo historia ya neno inapopendeza, na kuuma pia. Pwani, mwungwana ni mtu huru mwenye asili na adabu, kinyume cha mtumwa. Bara, katika karne ya 19, jina hilo lilichukuliwa na karibu kila aliyetoka pwani na msafara, akiwemo ambaye kule Unguja au Bagamoyo alikuwa bado ni mtumwa wa mtu. Alivuka Makata akawa mwungwana, mzigo ukiwa ungali kichwani. Sijui neno jingine la Kiswahili lililobeba ndoto na uongo kwa pamoja kiasi hiki. Waliolitia neno hili kwenye gemu wamechukua kanzu na kuacha bega.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Katika Skull and Bones huwi baharia. Kila mchezaji ni nahodha mwenye merikebu yake. Mabaharia wapo, wanaimba, wanavuta kamba, wanashangilia, lakini ni picha; hakuna mtu ndani yao. Tundu halizibwi na ndugu yako, linazibwa kwa kubonyeza kitufe. Huruhusiwi hata kutembea huku na huku kwenye merikebu yako. Unashuka kwenye vituo vya biashara tu. Na ukiendelea, unafunguliwa mlango wa kuwa mfanyabiashara wa magendo: unatengeneza pombe kali na afyuni, unateka viwanda, unangojea mapato. Afyuni jina lake jingine kwa Kiswahili ni kasumba. Wasomaji wa magazeti haya hawahitaji kuambiwa neno hilo limetumikaje tangu Azimio la Arusha.

Kampuni za Kifaransa na Kiholanzi zimo humo kama maadui wa kuporwa, na hapo gemu linajiona limekuwa upande wa wanyonge. Sisi wa Kilosa tunazijua kampuni kwa namna nyingine. Novemba na Desemba 1884 Carl Peters, kijana wa miaka 28, alipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami akiwa na karatasi za mikataba. Machifu wakatia alama zao kwenye lugha wasioisoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni yake hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Hakukuwa na merikebu wala mzinga. Nchi iliyoanzisha koloni zima ilikuwa ya milimani, mbali na maji ya chumvi, na iliporwa kwa wino. Gemu la uharamia wa Bahari ya Hindi ambalo ramani yake inaishia ufukweni haliwezi kuuona wizi huo.

Nakiri binamu mkubwa alinijibu vizuri. Alisema Sea of Thieves nalo halina Kilosa, halina hata Afrika, kwa nini nalisamehe? Aliongeza kwamba gemu lisilosema lolote kuhusu sisi haliwezi kuwa bora kuliko linalosema vibaya. Hoja hii ni nzito na sijaimaliza. Jibu langu ni kwamba mimi naangalia fani pamoja na maudhui. Maudhui ya Skull and Bones yametukaribia, lakini fani yake inamfundisha kila mtu kuwa bwana wa watu wasio na majina. Sea of Thieves lina maudhui ya mbali, ila fani yake inakupa ndoo. Wanaosoma historia ya uharamia wataikumbuka mikataba ya mabaharia iliyochapishwa katika kitabu cha Captain Charles Johnson cha 1724: kura kwa kila mtu, fidia kwa aliyepoteza mguu. Hata huko nahodha alichukua fungu kubwa kuliko baharia, lakini fungu la baharia lilikuwepo na liliandikwa.

Hata hivyo sitaki kudanganya kwamba tuliamua kwa nadharia. Tuliamua kwa hesabu. Skull and Bones liliruhusu kundi la watu watatu. Sisi ni wanne. Anayebaki angekuwa mdogo wangu, maana kompyuta yake ya Kilosa ni kuukuu na isingelimudu gemu lile hata kidogo. Binamu mdogo alipendekeza tupokezane. Mdogo wangu akasema haina shida, hamieni tu, yeye ataangalia. Aliisema kwa sauti ile ambayo mtu mwenye ndugu anaifahamu.

Tukapiga kura Jumamosi. Watatu tulisema tubaki. Binamu mkubwa alisema tuhame, na baadaye alilinunua mwenyewe kwa fedha zake. Hulicheza peke yake, na ameshafika kwenye merikebu kubwa. Dhow yake kaiacha zamani. Nikimuuliza habari za Ungwana hunijibu kwamba wanauza bidhaa nzuri. Lakini usiku wa bando bado anakuja kwetu, na huwa anataka usukani.

Usiku ule wa kura tulimpa mdogo wangu. Tulikuwa na masanduku matano na adui nyuma yetu, tanga zote zimejaa upepo. Kilosa umeme ukakatika. Usukani ukabaki peke yake, mwamba ukaja, mbao zikapasuka mahali pawili. Binamu mkubwa akateremka na mbao, nami nikachukua ndoo.