Kadi Mbili za Toronto

Mwaka 2012, Alex Krizhevsky wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, aliifundisha kompyuta kutambua picha. Kazi hiyo aliifanyia nyumbani kwa wazazi wake, kwa kadi mbili za michoro aina ya GTX 580, ambazo, ajabu, zilitengenezewa wacheza michezo. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3. Programu yake, iliyoigiza neva za ubongo, haikuenea katika kadi moja, ikambidi aigawe. Mafunzo, kwa picha milioni 1.2, yalichukua siku 5 hadi 6. Kwa hiyo mjukuu wangu, mwenye fedha za kipuri kimoja tu, nimemwambia asihadaiwe na kasi: aulizie kwanza kumbukumbu ya kadi. Tena aitazame pawasaplai yake kuukuu; GTX 580 moja ilikula hadi wati 244.