Uavyaji mimba: Uhai wa mama katika sheria na dini

Katika makanisa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Dandora, kauli kwamba kuavya mimba ni kuua si ngeni. Imani hiyo imo pia katika Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 26 chasema uhai huanza mimba inapotungwa. Hata hivyo, kifungu hicho huruhusu uavyaji ikiwa mhudumu wa afya aliyehitimu ataona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Ruhusa hiyo iliwaudhi viongozi wengi wa makanisa, wakaipinga Katiba katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Walishindwa.

Wayahudi, ambao sinagogi lao Nairobi liko karibu na Chuo Kikuu, huanza hesabu kwingine. Mishna, mkusanyiko wa sheria wa takriban mwaka 200, inaagiza kwamba uzazi ukimlemea mama, uhai wake hutangulia ule wa kijusi, mpaka sehemu kubwa ya mtoto iwe imetoka. Marabi hutofautiana kuhusu hatari nyinginezo, lakini hapo kumwokoa mama ni wajibu, wala si udhuru.

Nchini Kenya, Kanuni ya Adhabu, sheria ya enzi za ukoloni, yatishia kifungo cha miaka 14 kwa anayeavya mimba kinyume cha sheria, na 7 kwa mwanamke mwenyewe. Kwa hiyo muuguzi wa Kayole anayempokea mama anayevuja damu usiku huamua huku akihofia jela.