Tundu Lililotangulia Lenzi

Tundu la msumari kwenye paa la bati humwaga kiduara cha mwanga sakafuni, na watoto hukimbilia kukikinga kwa kiganja. Wengi hudhani hilo ni umbo la tundu. Sivyo. Hata tundu likiwa la pembe tatu, kiduara hubaki kiduara, kwa kuwa ni picha ya jua lenyewe. Tarehe 1 Septemba 2016, mwezi ulipolifunika jua katikati na kuacha pete angani kusini mwa Tanzania, viduara vya mwanga unaopenya kati ya majani ya miti navyo viligeuka pete.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo miaka elfu moja iliyopita, aliuchunguza mchezo huu kwa taa. Alizipanga mbele ya tundu, upande wa pili giza, kisha akaikinga moja. Doa la taa hiyo tu likatoweka, mengine hayakutikisika. Kumbe mianga hupishana tunduni bila kuchanganyikana.

Lenzi ilipokuja, tundu lilisahaulika, hadi mwaka 1890 Mwingereza George Davison alipoonyesha London picha ya shamba aliyoipiga kwa tundu. Kila kitu ndani yake kimelainika, hakuna ukingo mkali. Kwa nini mtu aache lenzi nzuri makusudi? Ubishi kuhusu upigaji picha kama sanaa ulipamba moto, na mwaka 1892 Davison na wenzake wakaanzisha jumuiya yao, Linked Ring.

Swali hilohilo huulizwa leo ukimwona mtu anaing'oa lenzi kwenye kamera ya dijitali. Anachukua kile kifuniko cha plastiki cha kuziba mdomo wa kamera, anakitoboa kwa keekee, kisha anagandisha juu ya tobo kipande cha kopo la soda. Kipande hicho hukisugua kwanza kwa msasa hadi kiwe chembamba, halafu ncha ya sindano huzungushwa taratibu mpaka ipenye, basi. Milimita 0.3 zinatosha kwa kamera ambayo sensa yake, kile kibamba kinachonasa picha, iko milimita 50 nyuma. Tundu likizidi, picha huingia ukungu. Likipungua mno, mwanga hutawanyika ukingoni na ukungu hurudi palepale.

Kwenye jua kali, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ukiwa ISO 100, sekunde moja hivi inatosha. Davison alilazimika kusubiri dawa za chumba cha giza. Wewe unatazama kioo cha nyuma, unatupa kipande, unatoboa kingine. Hasara ni kopo.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya jahazi. Anga lilijaa madoa meusi, nikalilaumu tundu na kutoboa jingine. Madoa yaleyale. Lilikuwa vumbi la kwenye sensa: mwanga wa lenzi iliyofunguka hulificha, wa tundu dogo hulitupia kivuli. Jahazi lilitoka laini kama limelowa maji. Vumbi ndilo lililotoka wazi kuliko vyote.