Sonona kwa Mgonjwa wa Tiba Shufaa

Sonona ni jina la Kiswahili la maradhi ambayo Wakenya wengi huyaita kwa majina mengine. Neno hilo ni ndugu wa kusononeka, yaani kuumia moyoni, na nchini Tanzania limeshazoeleka hospitalini na magazetini. Kenya bado. Mjini Kitengela kijana atasema ana stresi. Redioni husikika msongo wa mawazo, au unyogovu. Lakini msongo ni kubanwa na mambo: kodi ya nyumba, karo, foleni ya kwenda Nairobi. Mzigo ukitua, msongo hupungua. Sonona hung'ang'ania hata mambo yakinyooka. Daktari huitafuta katika dalili tisa: tano au zaidi ziwe zimedumu wiki mbili, na mojawapo lazima iwe huzuni nzito au kukosa hamu ya mambo.

Kwenye tiba shufaa hesabu hiyo huvurugika. Shufaa, ambayo watu wa pwani wanaijua kama uombezi, hapa ni huduma ya kumpunguzia mateso mwenye saratani au maradhi mengine mazito. Nairobi Hospice imekuwa ikiitoa tangu 1990. Kukosa usingizi, uchovu, chakula kutopanda, akili kutotulia: yote yamo katika zile dalili tisa, na yote saratani huyaleta yenyewe. Mofini nayo humlaza mtu. Muuguzi akijaza dodoso la PHQ-9, la kupima dalili hizo tisa, lililochapishwa mwaka 2001 na lenye tafsiri ya Kiswahili, huenda akahesabu uvimbe akidhani anahesabu sonona. Kosa la upande wa pili ndilo baya zaidi: kusema mgonjwa wa saratani lazima ahuzunike, kisha kupita kitanda.

Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Jean Endicott, alipendekeza dalili za mwili zibadilishwe kwa wagonjwa wa saratani. Badala ya kuuliza juu ya chakula, mhudumu atazame uso na machozi. Badala ya usingizi, aone kama mgonjwa amejitenga na kunyamaza. Badala ya uchovu, asikilize kujihurumia na kukata tamaa. Badala ya umakini, apime kama kuna lolote linaloweza kumchangamsha.

Hilo la mwisho linafundishika vizuri Mashuuru, Kaunti ya Kajiado, mbali na lami ya kwenda Namanga, ambako mifugo ndiyo mazungumzo ya asubuhi. Mhudumu wa afya ya jamii hahitaji istilahi yoyote kumwambia mgonjwa, "Mzee, shikamoo. Mvua imenyesha, ng'ombe wanaendeleaje?" Mwenye huzuni ya kawaida atalalamika, atawataja waliokufa kwa ukame, pengine atacheka kidogo akikumbuka ndama mtundu. Mwenye sonona huenda asijali hata kama wamerudi bomani. Jibu moja halitoshi, bila shaka. Mzee anaweza kuwa amechoka tu, au ana maumivu. Maumivu yatulizwe kwanza, kisha aulizwe tena.

Kuna waliotaka njia fupi. Harvey Chochinov wa Kanada alionyesha mwaka 1997 kwamba swali moja la moja kwa moja, kama mgonjwa ana sonona, liliwatambua vizuri wagonjwa wake waliokaribia kufa. Uingereza, watafiti walipolijaribu baadaye, halikufanya vizuri hivyo. Swali la namna hiyo hutegemea mgonjwa alijue neno, na mzee wa Kimaasai anayezungumza Kimaa nyumbani akiulizwa "Je, una sonona?" atamtazama mhudumu kama mtu aliyepotea njia.

Swali la tisa la PHQ-9 huwatisha wahudumu wanaojifunza, kwa kuwa linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. "Nimechoka, Mungu anichukue" inaweza kuwa sala ya mtu aliyeridhika. Mhudumu aulize bila kuzunguka: anangoja siku yake, au amefikiria kujiua? Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Kwa miaka mingi familia zilikuwa na sababu ya kuficha, maana kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

Katika faili, basi, sonona iandikwe kama jina la ugonjwa, na chini yake maneno ya mgonjwa yanukuliwe alivyoyatamka, kwa Kimaa ikibidi, ili daktari wa Kajiado anayepokea rufaa asome yote mawili.