Milimita 44 za Nikon na lenzi ya mjomba

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ya kuandika programu imenibana. Wiki jana nilikuwa nyumbani Mahoo. Mjomba wangu, aliyepiga picha za harusi huku Taveta kwa miaka mingi, anataka kununua kamera mpya ya Nikon, zile za siku hizi zisizo na kioo ndani. Lakini ameambiwa na fundi mmoja kwamba lenzi yake ya zamani, Nikon 50mm f/1.4 ya kuzungusha kwa mkono, sasa ni chuma tu, aiuze kwa bei ya kutupa.

"Mjomba, subiri kwanza," nikamwambia. Tukarudi hadi mwaka 1959.

Mwaka huo Nikon walitoa kamera ya Nikon F. Mdomo wake, yaani pete ya chuma ambapo lenzi hufungwa, una upana wa milimita 44. Kutoka kwenye pete hadi kwenye filamu ni milimita 46.5, kwa sababu kati yake kuna kioo kinachoinuka kila unapopiga picha. Sisi watu wa programu tunajua mambo haya: ukishatangaza vipimo, umetoa ahadi. Kila lenzi itakayofuata itavitegemea.

Sasa hesabu ya haraka haraka. Gawanya ule umbali kwa namba ya f, upate upana wa mwanga unaotakiwa kupita mdomoni ili kufika katikati ya picha. Kwa f/1.2 ni karibu milimita 39: inapita kwa kubanana. Kwa f/1.0 ni 46.5, na mdomo ni 44. Imegoma!

Kioo kiliwasumbua pia wenye lenzi za kuona eneo pana, kwa sababu lenzi haikuweza kukaa karibu na filamu. Mfaransa Pierre Angénieux alitoa dawa mwaka 1950: muundo unaosukuma picha nyuma zaidi. Ulifanya kazi, ila lenzi za namna hiyo huwa na vioo vingi na hunenepa.

Mwaka 1987 Canon walivunja ahadi yao. Walitupa mdomo wa FD wakaleta EF: upana milimita 54, umbali 44, na mawasiliano yote kwa umeme. Wenye lenzi za FD waliumia sana. Lakini mwaka 1989 Canon wakauza 50mm f/1.0. Nikon waliendelea na mdomo ule ule, ingawa utangamano wao haukukosa kasoro: lenzi za kabla ya 1977 zisizorekebishwa zinaweza kuharibu baadhi ya kamera zilizofuata.

Mwaka 2018 Nikon nao wakaanza upya na mdomo wa Z: upana milimita 55, umbali 16 tu, kioo kimeondoka. Mwaka uliofuata wakatoa 58mm f/0.95, yenye uzito wa kilo 2. Hata hivyo msidanganywe na matangazo, upana si kila kitu. Mdomo wa Sony E una milimita 46.1, na mwaka 2021 Sony walitoa 50mm f/1.2. Umbali wao ni milimita 18, na ufupi huo umewasaidia.

Na mjomba je? 46.5 kutoa 16 ni 30.5. Hiyo ndiyo nafasi ya adapta, bomba tupu lisilo na kioo hata kimoja ndani. Lenzi ya zamani inakaa pale pale ilipozoea kukaa. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya Z kwenye kamera ya F itakuwa mbali mno na filamu, na mlima Kilimanjaro utatoka ukungu mtupu.

Atazungusha kwa mkono, kama alivyofanya siku zote. Mjomba aliifuta lenzi kwa kitambaa, akairudisha kwenye mkoba, akaniuliza adapta inauzwa wapi.

Haya, tuonane wiki ijayo.