Nyumba Juu ya Magurudumu

Somo la Historia kwa Redio

Keti pahali penye mwanga, uweke daftari lako karibu. Kama mko wengi, mmoja wenu asome kwa sauti, na wengine wafuate maneno kwa kidole.

Leo twasoma habari za gari ambalo pia ni nyumba. Mbele lina injini na usukani kama basi. Nyuma lina vitanda, jiko, friji, bafu na choo. Huko Marekani na Ulaya magari haya ni mengi, na yale ya fahari kabisa bei yake hushinda ya nyumba nzuri ya mawe.

Sasa fikiri. Nyumba ya kijijini hupata maji kisimani. Nyumba ya mjini hupata maji bombani, na umeme kwa waya. Je, nyumba ikianza kutembea, vitu hivyo itavipata wapi? Jibu halikupatikana kwa siku moja. Lilipatikana kidogo kidogo, kwa muda wa miaka zaidi ya mia. Mtu akiijua historia hii, ataelewa namna gari lenyewe linavyofanya kazi. Asiyeijua anaweza kulala ndani yake na asiamke. Tutaona sababu yake.

1. Gari la farasi

Twaanza Uingereza, mwaka wa 1885. Palikuwa na Mskoti mmoja jina lake William Gordon Stables. Zamani alikuwa daktari katika manowari, baadaye akawa mwandishi wa hadithi za vijana. Wakati ule wako watu waliokaa katika magari ya farasi kwa sababu ya kazi zao au desturi zao. Stables alitaka gari la kusafiria kwa starehe tu. Basi akaagiza litengenezwe katika kiwanda kimoja cha mji wa Bristol.

Urefu wake ulikuwa futi 18, na uzito karibu tani 2. Alilipa jina la Wanderer, maana yake Mzururaji. Farasi wawili walilivuta kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, mpaka Inverness, kaskazini mwa Scotland. Mtumishi alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu, awaonye wenye magari mengine. Gari hilo limehifadhiwa mpaka leo.

Lilikuwa zuri, lakini halikujitegemea. Kila jioni ilipasa kutafuta pa kulaza farasi, na chakula chao, na maji.

2. Motokaa yenye kitanda

Mwaka wa 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ya Marekani ilionyesha motokaa mpya mjini New York. Kiti cha nyuma kilikunjuliwa kikawa kitanda. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na beseni la kunawia. Tajiri alizungumza na dereva wake kwa simu. Choo je? Kilikuwa chombo cha kumwaga kwa mkono. Fahari ilikuwapo, lakini kazi ya maji na uchafu ilikuwa bado ya mikono ya watu.

3. Moto uletao baridi

Mwaka wa 1922 vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walikuwa wanafunzi mjini Stockholm. Wakabuni friji isiyo na mota. Ilihitaji moto tu.

Usishangae. Wajua kwamba mtungi wa udongo hupoza maji. Maji machache hupenya udongo, hukauka nje, na katika kukauka huondoa joto. Katika friji hii moto huchemsha maji yenye dawa iitwayo amonia. Amonia hupanda kama mvuke, hupoa katika mabomba ya nyuma, ikawa kioevu. Kisha huingia ndani, hugeuka mvuke tena, na hapo huchukua joto la chakula. Mwisho hurudi majini, na kazi huanza upya.

Friji za namna hii zilizotumia mafuta ya taa zilifika hata Afrika ya Mashariki, zikatunza dawa katika zahanati zisizo na umeme. Katika nyumba za magurudumu zilitumia gesi ya mtungi. Lakini zina sharti moja: zisimame sawasawa. Ndani yake kioevu hushuka kwa uzito wake tu. Gari likiegeshwa mteremkoni kioevu hukwama, na friji huharibika. Magari mengi mapya ya fahari sasa yana friji za umeme mtupu, lakini zile za gesi zingali zatumika.

4. Nyumba yenye kujitegemea

Mwaka wa 1936 Mmarekani Wally Byam alitoa gari la kukokotwa, la bati la aluminiamu, lenye maji yake na taa zake za umeme. Mwaka wa 1959 aliongoza msafara wa magari 41 ya kampuni yake kutoka Cape Town. Ukapita Afrika ya Mashariki, ukafika Cairo mwaka wa 1960. Pahali pengi njiani hapakuwa na bomba wala waya, na wasafiri walitumia walichobeba.

Magari hayo yalikokotwa. Kuunganisha nyumba na injini kulifanywa na watu wengi. Mmoja ni Raymond Frank wa Michigan, aliyejitengenezea gari lake mwaka wa 1958, kwa safari za jamaa yake. Mwaka wa 1966 kiwanda cha Winnebago, katika jimbo la Iowa, kilianza kuyatengeneza kwa wingi na kwa bei nafuu.

5. Gari jipya la leo

Sasa tuingie ndani ya gari jipya. Lina matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji ya kuogea na kuoshea vyombo. La tatu hupokea uchafu wa choo. Maji safi yakipungua, mawili yale hujaa. Yapasa mwenyewe ajue kipimo cha kila moja, na amwage uchafu pahali paliporuhusiwa tu.

Lina betri za namna mbili. Moja huwasha injini, nyingine huhudumia nyumba. Zimetengwa ili taa za usiku zisimalize nguvu ya kuondokea asubuhi. Betri hujazwa na injini, na jenereta, na vioo vya jua juu ya paa, au na waya wa kambini.

Halafu iko gesi ya kupikia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, ikakaa sakafuni ikingoja cheche. Kwa hiyo kengele ya kuinusa huwekwa chini karibu na sakafu.

Iko na hatari nyingine. Umesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, wasiamke. Hewa ile ya sumu haina harufu wala rangi. Moshi wa jenereta na jiko la gesi lisilopata hewa huweza kuileta vilevile. Fahari ya gari haizuii sumu. Kinachosaidia ni kengele nzima na mtu anayejua.

Ndiyo sababu kila gari jipya hutolewa pamoja na kitabu cha maelezo. Kisome kabla ya kuwasha chochote. Ndugu mwanafunzi, huenda hutanunua gari hili. Lakini mtungi wa gesi, betri na jenereta vimekwisha kuingia katika nyumba zetu, na vyote vina maandishi yake. Soma, uwasomee na wa nyumbani mwako.

Maswali

1. Gari la Stables lilitegemea nini kila jioni?
2. Kwa nini friji ya gesi husimamishwa sawasawa?
3. Betri mbili zimetengwa kwa sababu gani?
4. Kengele ya gesi huwekwa wapi? Eleza sababu.
5. Zungumzeni: katika nyumba zenu, ni chombo gani chenye maandishi ambayo hayajasomwa?